Mashahidi Kumi na Mmoja

Kesi ya mauaji haiivi kwa siku tano. Si Embakasi, si popote. Lakini hii ya fundi Koki ilikuwa imeiva hadi inanukia, na Inspekta Annah Mideva, aliyekuwa akiisoma kwa mara ya tatu asubuhi hiyo ya Jumanne, hakuipenda harufu yake hata kidogo.

"Mashahidi kumi na mmoja," alisema mkuu wake, Bwana Ndindi, akiligonga jalada kwa kidole. "Kumi na mmoja, Mideva! Lini umewahi kupata mashahidi kumi na mmoja kutoka Kware?"

"Sijawahi, afande. Mwaka jana tulitafuta mmoja tu tukamkosa."

Bwana Ndindi akaacha kugonga jalada. Alijua anaambiwa nini. Mwaka jana, mtu yule yule aliyekuwa sasa katika seli namba mbili, Opicho, alimchana msichana aitwaye Clare usoni kwa kisu kwa sababu alimkataa. Alimchana mchana kweupe, langoni mwa ploti, jengo la kupanga la ghorofa saba, huko mtaa wa Kware, mbele ya watu zaidi ya ishirini. Kila aliyeulizwa alisema wakati ule alikuwa akiangalia upande mwingine. Mideva ndiye aliyeishika kesi ile. Ndiye aliyemwahidi Clare kwamba Opicho atafungwa, na ndiye aliyekaa mahakamani akimtazama Opicho akitoka mlango wa mbele huku akipiga mluzi.

"Mungu si Athumani," alisema Bwana Ndindi hatimaye. "Safari hii macho yao yamefunguka."

Yalikuwa yamefunguka kweli. Alhamisi iliyopita, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Koki, fundi wa nguo wa ghorofa ya tatu, alianguka kutoka paa la ploti hiyo hiyo hadi kichochoro cha nyuma. Daktari alikuta alama za vidole kwenye mikono yake, kwa hiyo hakuanguka, alisukumwa. Watu watatu walimwona Opicho akitoka langoni mbio dakika ile ile. Wanane walisema walikuwa wamemwona kabla ya hapo, akipanda ngazi nyuma ya Koki. Wote kumi na mmoja walikuwa kwenye bomba la uani, saa kumi kamili, wakiteka maji. Mmoja alikuwa ameshajaza mitungi miwili. Mwingine alikuwa kwenye mtungi wa tatu.

"Limebaki moja," Bwana Ndindi aliendelea. "Mzee Phares Wekulo, mtunza ploti. Ndiye anayefungua maji, ndiye mwenye ufunguo wa paa. Koplo Austine ameshamwandikia taarifa, saini tu ndiyo haipo. Mara ya kwanza mkono ulikuwa unamuuma. Mara ya pili miwani ilipotea. Jana alisema yuko kwenye maombi."

"Na huyo ndiye baba yake Clare."

"Ndiye. Ungedhani angekuja mwenyewe mbio na kalamu mkononi! Nenda wewe, nyote ni watu wa magharibi, mtaelewana. Kesho saa tatu tuko mbele ya hakimu. Na Mideva, usiniletee kitu kingine. Niletee saini."

Kabla ya kuondoka Mideva alipita seli namba mbili. Opicho alikuwa kijana mwembamba, sauti yake laini, na ukimkuta kanisani ungempisha akae.

"Niaje, madam."

"Alhamisi saa kumi ulikuwa wapi?"

"Si nilishasema? Mtaani."

"Mtaani wapi?"

"Mtaani ni mtaani." Akasogea kwenye vyuma akichekelea. "Nimesikia wako kumi na mmoja. Ati wote siku hizi wako na macho."

"Kama hukuwa paani, taja mtu mmoja aliyekuona mahali pengine. Mmoja tu, Opicho."

Alifikiri kidogo. Kwa mara ya kwanza uso wake ukapoteza kile kicheko.

"Kuna msee anajua nilikuwa wapi. Lakini huyo hawezi sema. Hata ningekuwa ni mimi, singesema." Kisha kicheko kikarudi. "Kwani Clare anaendelea aje?"

Mideva aligeuka akaenda zake.

*

Jumanne ilikuwa siku ya maji. Katika ploti za Kware maji hayaji yanavyotaka, yana ratiba. Kwa Mzee Phares yalikuwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia saa tisa na nusu mchana, na kabla ya hapo wanawake huwa wameshapanga mitungi ya manjano kutoka bombani hadi langoni. Mideva alipoingia, gumzo lilikatika. Wanawake saba au wanane walimwangalia kimya. Aliwatambua watatu kutoka kwenye jalada. Wote mwaka jana walikuwa wakiangalia upande mwingine.

"Sasa kina mama, hamjambo?"

"Hatujambo," wakajibu, halafu basi. Hakuna aliyemuuliza habari.

Hakwenda moja kwa moja kwa mzee. Alikunja kulia, akaingia kwenye duka dogo lililokuwa chini ya ploti, akanunua peremende asizozihitaji. Mwenye duka, Fowsiya, alikuwa akiishi ghorofa ya pili na mumewe Mumin. Jina lake halikuwa popote kwenye jalada.

"Fowsiya, Alhamisi ulikuwa hapa?"

"Niende wapi?"

"Mbona hukuandikisha taarifa?"

Fowsiya akacheka bila furaha. "Mimi hawakuniita. Ijumaa walifanya maombi ya Koki pale juu kwa Bwana Naftaly, wakala wa mwenye ploti. Wakaomba, wakalia, wakashuka na neno moja. Mimi si wa maombi yao, dada. Mimi niliwasikia wakishuka tu."

"Neno gani?"

"Utaniponza wewe." Alichungulia nje, kisha akashusha sauti. "Mimi nitakuambia langu, la watu waulize wenyewe. Alhamisi maji yalikosekana. Alasiri iliadhiniwa, nikaenda bombani nipate ya kutawadha, bomba likakohoa tu. Nikangoja. Hakuna. Nikafungua chupa ya maji kutoka kwenye rafu hapo, nikatawadhia hiyo. Mumin akanicheka, ati mke wangu anatawadha kwa maji ya kuuza. Tulikuwa bado tunabishana ndipo watu wakaanza kupiga mayowe kule nyuma."

"Una hakika maji hayakuwepo kabla ya mayowe?"

"Yalikuja magharibi inakaribia. Dada, mtu husahau siku ya kuoga, hasahau siku ya kukosa udhu."

Mideva alisimama pale na peremende zake mkononi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Watu kumi na mmoja, Wakristo wa kuaminika, wengine anawajua kwa kuimba kwaya, walikuwa wamekubaliana baada ya sala ni nani aliyeua. Wakapanga kila mtu asimame wapi. Wakasahau kumuuliza jirani wa dukani kama siku hiyo bomba lilikuwa na maji.

Na kama maji hayakufunguliwa saa tisa na nusu, basi aliyepaswa kuyafungua alikuwa wapi?

*

Mzee Phares na mkewe Rispa waliishi chumba cha chini, kando ya ngazi. Mlango ulikuwa wa chuma, na ndani pazia la maua liligawanya chumba, kitanda upande wa nyuma, viti na jiko upande wa mbele. Rispa alikuwa kwenye kigoda akichambua kunde. Mzee alikuwa amekaa wima kama anayengoja gari moshi, na pengine ilikuwa mazoea, maana alikuwa amefanya kazi ya reli miaka thelathini na moja.

"Mulembe, baba. Mulembe, mama."

"Mulembe, mwanangu," alisema mzee. "Umekuja na ile karatasi."

"Nimekuja nayo." Mideva aliikunjua juu ya goti. "Lakini kabla ya karatasi, nataka kuuliza habari ya maji. Alhamisi uliyafungua saa ngapi?"

Mikono ya Rispa ikasimama juu ya kunde.

"Baba Clare," alisema polepole, "usianze."

Mideva akaisoma karatasi kwa sauti ya chini. "'Mimi, Phares Wekulo, naapa mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba Alhamisi saa tisa na nusu nilifungua maji kama kawaida, nikaacha mlango wa paa wazi, na saa kumi nikamwona Opicho akipanda nyuma ya marehemu.'" Akainua macho. "Baba, wewe ni mzee wa Kanisa la Marafiki hapo Tassia, sivyo?"

"Ndiyo."

"Guga yangu kule Vihiga, yaani babu yangu, alikuwa Rafiki pia. Aliwahi kulala korokoroni siku mbili kwa sababu hakimu alimwambia ashike Biblia aape, akakataa. Alisema yeye ndiyo yake inatosha. Sasa nikasoma hapa 'naapa', nikajiuliza, huyu mzee ameanza lini kuapa?"

"Sijaapa maisha yangu yote," alisema Phares. "Hata nilipomwoa huyu sikuapa. Niliahidi tu."

"Na ukatimiza ulipotaka," Rispa akadakia. Lakini sauti yake haikuwa ya utani. Alikuwa ameanza kulia.

"Nani aliyaandika haya?"

"Yule koplo wako. Aliandika huku Bwana Naftaly akimsomea. Mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa. Hakuna aliyeniuliza neno."

Mideva aliikunja karatasi ile mara mbili, akaiweka chini ya kiti. "Basi mimi nakuuliza. Alhamisi, baba."

Mzee alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Kisha akaanza, bila haraka, kama anayetoa ripoti ya behewa lililoacha reli.

"Saa tisa na dakika ishirini nilikuwa natoka kwenda kufungua maji. Opicho akanikuta mlangoni. Akanisukuma ndani, akafunga mlango kwa komeo. Akanikalisha kwenye kiti hicho ulichokalia wewe, akaniwekea kisu hapa." Akagusa chini ya sikio. Palikuwa na mkwaruzo mwembamba uliokuwa ukipona. "Akaniuliza Clare yuko wapi."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, najua aliko, lakini sitakuambia."

"Unasikia, Inspekta?" Rispa alirusha kunde kwenye sinia. "Unasikia mwenyewe! Mtu amewekewa kisu shingoni! Si angesema yuko Mombasa, yuko Uganda, yuko mwezini! Uongo mmoja tu, yule shetani aende zake. La! Eti najua lakini sisemi! Nilikuwa nyuma ya pazia hili nimejiziba mdomo kwa leso, nasikia hayo kwa masikio yangu. Saa nzima! Kila akiulizwa, najua, sisemi. Najua, sisemi. Nilitaka kutoka nimnyonge mimi mwenyewe kabla ya Opicho."

"Opicho hakujua kuwa mama alikuwepo?"

"Hakuniuliza," alisema Phares.

"Na aliondoka lini?"

"Tuliposikia mayowe kule nyuma. Kisu kilikuwa bado hapa. Akashtuka, akaniambia, Jumamosi nitarudi, na Jumamosi hutasema najua. Akafungua mlango akakimbia. Hao watatu waliomwona akikimbia, wanasema kweli. Wale wengine hawakuona kitu, mwanangu. Koki hakuuawa na Opicho."

Nje mtungi uliburutwa sakafuni, ukasimama karibu mno na mlango.

Rispa alishuka kutoka kwenye kigoda akapiga magoti mbele ya Mideva. Akamshika mikono yote miwili. "Inspekta, mwanangu, wewe ni mwanamke. Walimkamata Ijumaa. Tangu Ijumaa nimelala usingizi. Siku nne tu, tangu mwaka jana! Jana mtoto amenipigia simu. Ananiuliza, mama, ni kweli amefungwa? Nikamwambia ni kweli. Alicheka, Inspekta. Sijui kama unajua nilisikia nini mimi kumsikia akicheka na ule uso wake. Sasa nimpigie nimwambie baba yako amemtoa?"

"Sijamtoa," alisema mzee. "Alimchana Clare, na kwa hilo nitasimama siku yoyote wakiniita. Alinishikia kisu, na hilo Inspekta ataliandika hapa. Lakini hakuua."

"Kwa kisu atapewa dhamana! Kesho kutwa yuko hapa mlangoni!"

"Najua."

"Hata woga huna?"

"Ninaogopa, Mama Clare," alisema Phares. "Tangu Alhamisi siwezi kumeza chakula, wewe mwenyewe unaona sahani. Ningeweza kusaini ile karatasi ningeshasaini. Nimeshika kalamu mara tatu. Mkono umekataa."

Tuseme wazi, Mideva naye aliogopa, na woga wake ulikuja na mawazo mabaya. Mashahidi kumi na mmoja walikuwa wanatosha. Angesema mzee ni mgonjwa. Opicho angefungwa kwa jambo ambalo hakufanya badala ya yale aliyoyafanya, na nani Kware yote angemlilia? Adui mwombee njaa. Alikuwa amemwahidi Clare. Ahadi ilikuwa pale, tayari, ilihitaji tu yeye anyamaze. Kwa dakika nzima aliitaka njia hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu katika kazi yake.

Lakini kulikuwa na mlango wa paa, na mpelelezi ndani yake hakuweza kuupita.

"Baba, paa hufungwa siku zote?"

"Tangu waanze kujenga ghorofa ya nane. Kufuli kubwa. Koki ndiye aliyekuwa akilalamika kuhusu nguzo kule juu, zimepasuka. Alizipiga picha. Alisema Ijumaa atazipeleka kwa watu wa kaunti."

"Na kufuli haikuvunjwa. Ufunguo?"

Phares akavuta kamba shingoni, ufunguo ukatoka ndani ya shati. "Haukutoka hapa. Ulikuwa unamgusa Opicho mkono muda wote ule."

"Kuna mwingine?"

"Hodi!"

Mlango ulikuwa umeshafunguliwa kabla ya kuitikiwa. Bwana Naftaly alisimama kizingitini, shati limepigwa pasi, funguo nyingi zikining'inia kwenye mkanda wake. Nyuma yake wanawake wa foleni walikuwa wamesogea.

"Inspekta! Bwana asifiwe. Nimesikia uko na mzee wetu. Tusimchoshe, presha yake si nzuri." Akageuka kwa Phares, akitabasamu. "Mzee, mwenye ploti amenipigia tena. Anataka hiki chumba chako kiwe stoo. Nimemsihi angoje, nimemwambia mzee wetu ni mtu wa msaada. Umeshasaini?"

"Bado," alijibu Mideva. "Nilitaka kwanza nipime pale paani alipoanguka Koki. Dakika mbili tu. Lakini mzee ngazi zinamshinda leo."

"Hilo tu? Usimsumbue, nitakufungulia mimi."

Mkono wake ukaenda kwenye mkanda, ukapita funguo mbili tatu, ukashika moja. Ndipo ukasimama.

Mideva aliikumbuka taarifa yake neno kwa neno. Shahidi namba moja, Naftaly, wakala: 'Ufunguo wa paa anao Phares peke yake.' Na Naftaly naye aliikumbuka, maana tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yaliliacha peke yake.

"Nimesahau," alisema. "Huo anao mzee."

"Basi hakuna haraka," alisema Mideva. "Nitapima siku nyingine."

Walitazamana. Kisha Naftaly akarudi nyuma hatua moja, nyingine, akauvuta mlango taratibu, na wakamsikia akisema kule nje, si kwa kupaza, kwa huzuni kabisa, kama anayetangaza msiba:

"Mzee amekataa kusaini. Opicho anarudi."

Sauti zikaja zote pamoja.

"Anarudi vipi?"

"Mzee Phares! Toka utuambie!"

"Unamtetea aliyekukatia mtoto? Wewe ni baba wa aina gani?"

Ngumi ikapiga mlango wa chuma. Kisha zikawa nyingi. Mideva aliruka akasukuma komeo, akatoa simu. Kidole kilikuwa juu ya jina la Koplo Austine, aje na gari, alipokumbuka ni nani aliyeandika ile karatasi na ni nani aliyekuwa akimsomea. Akaliacha jina hilo. Akafikiria la Bwana Ndindi. Niletee saini, alikuwa amesema, usiniletee kitu kingine. Akairudisha simu mfukoni. Alikuwa afisa wa polisi wa miaka kumi na mitano na hakuwa na mtu wa kumpigia.

"Andika, mwanangu," alisema Phares. "Kabla hawajavunja."

Aliandika. Mzee alisema, naye akaandika, saa na dakika, komeo, kisu, swali na jibu, ufunguo shingoni, mayowe. Hakuongeza, hakupunguza. Mwisho Phares akachukua kalamu akasaini, na safari hii mkono haukuuma.

"Baba, lazima nikuambie ukweli," alisema Mideva, akipaza sauti ili asikike juu ya kelele za mlangoni. "Wakili wa serikali ataisoma hii aseme umetishwa. Mtu aliyechaniwa mtoto amtetee aliyemchana? Watasema Opicho ametuma watu wakakutisha. Watu kumi na mmoja dhidi ya mmoja, haitasimama. Lazima awepo wa pili."

"Wa pili hayupo," alisema Phares haraka.

"Baba..."

"Nimesema hayupo!" Ilikuwa mara ya kwanza kwake kupaza sauti, na mara moja akainamisha kichwa, kwa sababu alikuwa amesema uongo na kila mtu mle ndani alijua. "Nisamehe. Yupo. Lakini usimuulize, nakuomba. Opicho hajui kama alikuwepo. Naftaly hajui. Akitoka atakuja kwangu, na mimi nimekubali. Huyu mwache nje ya karatasi."

Rispa alikuwa amesimama karibu na pazia. Kila ngumi ilipopiga mlango alifumba macho. Mideva hakumuuliza. Aliifunika kalamu kifuniko chake, akaanza kuikunja karatasi.

"Ngoja," alisema Rispa.

"Mama Clare, kaa."

"Wewe ndiye ukae! Tangu Alhamisi ni wewe unayezungumza, najua, sisemi, najua, sisemi. Mimi nimekaa nyuma ya pazia mwaka mzima." Alifuta uso kwa leso, akaja akaketi mbele ya Mideva. "Andika na mimi. Andika nilikuwepo, niliona miguu yake chini ya pazia, nilisikia sauti yake toka mwanzo mpaka mayowe. Hakutoka humu. Andika na jina langu lote, uliandike vizuri."

"Mama, unajua maana yake? Wakili wake ataisoma. Opicho mwenyewe ataisoma."

"Aisome. Akitoka, asidhani ni mzee peke yake."

Phares alifunika uso kwa viganja. Mideva akaandika, na hakuandika polepole, kwa kuwa bawaba ya juu ya mlango ilikuwa imeanza kulegea. Alipomaliza akamgeuzia karatasi na kumwonyesha mahali.

"Hapa umeandika shahidi wa pili," alisema Rispa, akisoma kwa kidole. "Ongeza, mama yake Clare. Wakisoma wajue ni mimi ninayesema."

Mideva akaongeza. Rispa akashika kalamu, akaandika jina lake lote, tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho, ngumi zikiendelea kupiga mlango.